Fundi Baridi na Bi Mkubwa Wake

"Shoga, umesikia? Yule mzee wa mlango wa kijani anafuga mawe. Na sasa mawe yenyewe yanamfia."

Msusi alisema hayo kitana kikiwa mdomoni na vidole kumi vimezama kwenye nywele za mteja. Alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote, chini ya ngazi, mahali ambapo hupandi wala hushuki bila kupimwa kwa macho. Mama Kidole alikuwa anashuka na beseni la nepi kiunoni, mtoto mgongoni.

"Mawe hayafi," akajibu.

"Ya kwake yanakufa! Jana nimempitia dirishani, kajikunyata kwenye kigoda, anayalisha kwa bomba la sindano. Jiwe, mwenzangu, linatiwa chakula kama mtoto aliyekataa ziwa! Mtu akifika hapo ama ana jini ama ana upweke, na vyote viwili dawa yake haiuzwi hapo duka la chini."

Mteja akacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi. Mama Kidole akatabasamu, akaendelea kushuka. Katika jengo zima hakuna aliyejua ya mlango wa kijani kuliko yeye, lakini hakuwa mtu wa kuanika ya nyumba ya mwenzake pamoja na nepi.

Mzee mwenyewe waliozoea walimwita Fundi Baridi. Miaka thelathini na ushei alikuwa ametengeneza majokofu, viyoyozi na vyumba vya kugandishia nyama, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo madogo meupe ya gesi iliyomrukia. Mwili mwembamba, suruali yenye mifuko sita, penseli nyuma ya sikio hata akiwa anaoga, msusi alisema, ingawa haijulikani alijuaje. Chumba chake kilikuwa na kompresa kuukuu zilizopangwa ukutani kama vyungu, spana zimetundikwa kuanzia kubwa mpaka ndogo, na katikati ya yote hayo, tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, limejaa maji ya chumvi, lina taa ya buluu juu yake. Ndani yake mlikuwa na matumbawe hai.

Tangi lilimjia miaka kumi na moja nyuma. Aliitwa kwenye nyumba ya tajiri mmoja kutengeneza kipoozeo cha maji. Tajiri alikuwa anahama, hana pa kulipeleka. "Nilikwenda kutengeneza kipoozeo," Fundi alipenda kusema, "nikarudi na maji yenyewe." Pamoja na tangi alipewa kipande cha tumbawe kisichozidi kidole cha mwisho. Kipande kile kikaota, kikatoa matawi kama pembe za paa, yenye ncha za zambarau, mpaka kikawa kikubwa kuliko sufuria ya watu sita. Mke wa Fundi ndiye aliyelipa tumbawe hilo jina. Alilitazama siku moja, akamtazama mumewe anavyolitazama, akasema, "Haya, huyu ndiye Bi Mkubwa. Mimi nimeolewa juu yake."

Mke huyo sasa hakuwapo. Alikuwa amekwenda mji wa mbali kumsaidia binti yao kulea, akasema ni mwezi mmoja, na mwezi ule ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Kila Ijumaa alipiga simu, na kila Ijumaa alimwita aende.

"Na Bi Mkubwa nimwachie nani?" Fundi alikuwa akijibu.

Mama Kidole alizoeana naye kwa ajili ya mtoto. Kidole alizaliwa na kilio. Alilia asubuhi, alilia mchana, alilia akinyonya. Baba yake ni dereva wa malori ya safari ndefu, analala nyumbani siku mbili kwa mwezi, kwa hiyo kilio chote kilikuwa cha mama. Alasiri moja mlango uligongwa. Akajua ni jirani aliyechoka. Akafungua, machozi yake mwenyewe yakiwa hayajakauka, akamkuta Fundi kasimama na bisibisi mkononi.

"Mlete huku, mwanangu," Fundi akasema. "Pampu zangu zinanguruma kama tumbo la mama. Atadhani amerudi alikotoka."

Mtoto akalala mbele ya tangi kabla hata hajafunikwa. Tangu siku ile ikawa kawaida: saa nane mchana, nepi zikishaanikwa, mama na mwana kwenye mkeka mbele ya kioo, Fundi kwenye kigoda na redio mbovu ya mtu. Mtoto alipopata akili kidogo akaanza kuonyesha. Hakusema neno, lakini kidole kilikuwa hakipumziki: samaki, taa, Fundi, konokono wanaotambaa kwenye kioo. Ndipo Fundi akamwita Kidole, na mama yake akawa Mama Kidole, na jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti.

Kwa hiyo Mama Kidole aliyaona maradhi tangu siku ya kwanza.

Yalianzia chini. Shina la Bi Mkubwa, pale lilipokamata mwamba, lilikuwa na alama nyeupe kama kucha. Baada ya siku tatu ikawa kama sarafu. Nyama ya tumbawe ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na sasa ilikuwa inaachana na mfupa, inapanda juu, kama mtu anayevuliwa soksi taratibu. Nyuma yake ulibaki mfupa mweupe pe.

"Amepauka tu," Mama Kidole alijaribu kumtia moyo.

"Kupauka ni kukosa rangi. Huyu anavuliwa ngozi." Fundi alitoa penseli sikioni. "Sikiliza, mwanangu. Jokofu likikataa kupoa, fundi mjinga anakimbilia kununua kompresa. Fundi mwenye akili anaanza na waya ukutani, anakuja hatua kwa hatua. Tutamkamata."

Akaandika ukutani kwa chaki. Joto la maji: sawa. Chumvi: sawa. Chokaa inayojenga mfupa, ile anayoipima kwa matone mpaka maji ya buluu yageuke njano: sawa. Taa: ile ile. Akashuku minyoo, maana kuna minyoo inayotafuna tumbawe gizani na mchana inajificha. Kusubiri usiku hakuweza. Akaazima blanketi la Kidole, akalifunika tangi saa tisa mchana, akaingiza kichwa chini yake na tochi. Msusi alipopita na kuona nusu ya mzee ikiwa nje na nusu ndani ya blanketi la vikaragosi, habari zilifika ghorofa ya mwisho kabla yeye hajafika.

Minyoo haikuwapo.

Siku iliyofuata Fundi akashuka ngazi, moja kwa moja kwa msusi. "Ile dawa unayopuliza nywele. Inaingia dirishani kwangu. Inaua."

"Inaua nini? Mawe?"

"Ndiyo, mawe!"

"Wateja wangu wana miaka saba wanapuliziwa usoni, hajafa hata mmoja. Mawe yako yana mapafu ya kifalme?" Msusi akasimama, mkono kiunoni. "Fundi, nakuheshimu kama baba. Lakini ukinizibia riziki kwa ajili ya jiwe, nitakuja kulisuka hilo jiwe lako na rasta juu."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alirudi akafunga madirisha wiki nzima, chumba kikawa kama tanuri, kipoozeo cha tangi kikahangaika, na nyeupe ikapanda vidole viwili.

Hapo ndipo hatua kwa hatua ikamponyoka. Akaanza kutia. Jumatatu matone ya kuua vijidudu. Jumatano unga wa kutuliza maji. Alhamisi akasoma mahali kwamba dawa ya Jumatano inagombana na ya Jumatatu, akatia ya kuwapatanisha. Mama Kidole alihesabu chupa tisa kwenye rafu iliyokuwa na mbili. Alimkumbuka Kidole wa miezi miwili, na jinsi yeye mwenyewe alivyombadilishia maji ya tumbo, mafuta ya mgongo, namna ya kumbeba, kila siku jipya, na mtoto akizidi kulia. Kumbe mwenye hofu anatibu hofu yake.

Ijumaa simu ikalia. Fundi akaiweka kwenye spika, mikono yake ikiwa majini.

"Bi Mkubwa hajambo?" mkewe akauliza.

Fundi akazidi kuinamia kioo.

"Mzee?"

"Hajambo kidogo."

"Aa. Hajambo kidogo ni mgonjwa sana." Sauti ikawa laini. "Mume wangu, mimi simwombei mabaya. Lakini akifa, usianze mwingine. Uza hilo sanduku la maji, uje. Mjukuu ananiuliza kama babu ni picha tu."

"Akifa nitakuja," Fundi akasema.

Mama Kidole alikuwa mkekani, mtoto amelala pajani. Neno lile lilimwingia kama maji baridi. Ni haki mtu kwenda kwa mkewe, alijua hivyo. Lakini alitazama mlango wa kijani, mlango pekee katika mji huu mzima ambao hakuhitaji kuugonga mara mbili, akajiona anavyoupita na mtoto mgongoni, ndani mna watu wengine na kabati mahali pa tangi. Na alijua pia, kwa kumtazama mzee mgongo, kwamba kwenda ukiwa umeshindwa si sawa na kwenda.

Jumamosi Mama Kidole alifua nguo. Fundi alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba ambacho alikitumia kuchujia maji ya kujazia, na tangu mgongo uanze kumsumbua mzee, Mama Kidole alikuwa anakichukua pamoja na nepi, anakifua kwa maji matupu na sabuni kidogo sana, anakisuuza mara nne kama alivyoagizwa. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa joto. Yanayopaa ni maji, chumvi inabaki, kwa hiyo lazima yajazwe maji matupu yasiyo na kitu. Miaka yote Fundi aliyachukua kwa mtu wa betri za magari, yale maji safi ya kutia kwenye betri. Mtu wa betri alipofunga kibanda akahama, miezi michache nyuma, Fundi hakuhangaika. Duka la dawa la chini lina kiyoyozi, na kiyoyozi hudondosha maji mchana kutwa. "Ni hewa iliyotoka jasho," alimweleza Mama Kidole kwa furaha. "Safi kuliko mvua. Miaka thelathini nayamwaga, sikujua namwaga dhahabu."

Sasa kitambaa kilikuwa na doa. Si doa la vumbi. Lilikuwa duara la kijani chenye ubuluu, limekolea katikati. Akasugua kwa sabuni ya mche, halikutoka. Akasugua kwa sabuni ya unga, halikutoka. Mama wa mtoto mdogo anajua madoa kuliko mwalimu anavyojua vitabu, na hili hakuwahi kulikuta kwenye nepi. Lakini mahali fulani alikuwa ameliona. Akakaa, akafikiri, kisha akajigusa sikio. Hereni zake za kwanza, zile za bei rahisi alizonunuliwa alipomaliza darasa la saba: ukizivaa wiki mbili, tundu la sikio linakuwa na rangi hii hii. Mama yake alikuwa anamfuta kwa ndimu.

Akapanda kuchukua nusu ndimu iliyobaki jikoni. Doa likayeyuka kama halikuwapo.

Saa nane akaingia mlango wa kijani na kitambaa mkononi. Fundi alikuwa anatikisa chupa ya kumi.

"Shikamoo Fundi. Kitambaa hiki nimekifua kwa ndimu, sijui kama nimeharibu. Nimekisuuza mara sita."

"Marahaba. Ndimu ya nini?"

"Kilikuwa na doa, sabuni imeshindwa. Lile la kijani kama la hereni. Zile zinazojifanya dhahabu."

Mkono wa Fundi ukaacha kutikisa.

"Sema tena."

Akasema tena. Akaongeza, kwa sababu lilikuwa linamkaa rohoni siku nyingi na hakuona mahali pa kulisemea, "Na Fundi, konokono wamekwenda wapi? Kidole hana cha kuonyesha kwenye kioo. Samaki wapo, ila konokono sijawaona tangu mwezi uliopita."

Fundi akachokoa mchanga wa tangini kwa kibanio kirefu. Akatoa gamba la konokono, tupu. Akatoa la pili. Akatoa la tano. Akayapanga juu ya kompresa, akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyeketishwa.

"Shaba," akasema. "Samaki anaivumilia. Konokono na tumbawe haiwaachi wazima."

"Imetoka wapi?"

Akacheka, kicheko kisicho na meno. "Mabomba ndani ya kiyoyozi ni ya nini, mwanangu? Miaka thelathini nayachomelea. Na hayo hayakunitosha. Kabla sijaanza kuchota, nikasema maji ya Bi Mkubwa hayapiti kwenye uchafu. Nikakiosha kiyoyozi cha watu kwa ile dawa kali, nikakiosha mpaka mabomba yanang'aa mekundu kama senti mpya. Mwenye duka akanishukuru. Nikaivua shaba nguo zake zote, ikawa inatoka tone kwa tone, na mimi nakinga ndoo." Akaonyesha ukuta wa chaki. "Tazama hapo. Nimeandika taa. Nimeandika minyoo. Nimemwandika msusi wa watu! Maji sikuyaandika. Unajua kwa nini? Kwa sababu yalitoka kwenye kiyoyozi. Nani aniambie mimi habari za kiyoyozi?"

Mama Kidole akamwekea mtoto mapajani. Kidole akaangalia magamba matano juu ya kompresa, akayaonyesha moja moja, kila moja kwa haki yake, na mzee akamfuata kwa macho mpaka la mwisho.

"Haya," Fundi akasema akimrudisha mtoto. "Kulia baadaye. Bado juu ana nyama."

Alasiri ile alifanya kazi kama kijana. Aliteremka kwanza kwa msusi, akasimama mbele ya wateja watatu, akasema, "Mama, nilikosea. Haikuwa dawa yako. Nisamehe." Msusi akabaki kinywa wazi, kitana kikadondoka, akasema ameshasamehe na kwamba jiwe lipewe pole. Kisha Fundi akapiga simu huku na huku mpaka akampata mtu wa betri alikohamia, naye akaleta madumu mawili ya maji safi kwa pikipiki. Mama Kidole alipima chumvi kwa kikombe, Fundi akisoma kipimo. Waliyakoroga kwenye beseni jipya, wakaweka pampu ndogo, wakasubiri mpaka maji yakawa maangavu na joto lake likawa sawa.

Ndipo Fundi alipochukua koleo la kukatia waya, akalichemsha, akaingiza mikono tangini. Bi Mkubwa mzima hakuweza kuokolewa. Shaba imeshanywewa na mwamba na mchanga, na maji yale yatakuwa na sumu miezi mingi. Lakini ncha zilikuwa hai bado, zambarau. Alikata juu kabisa ya mstari mweupe, sauti ndogo kama ya kuvunja biskuti. Kila alipokata alisema, "Nisamehe, mama." Vilitoka vipande saba. Viwili vilikuwa vimeshaanza kulegea, akaviweka pembeni. Vitano akavigandisha kwa gundi kwenye vigae vidogo, kila kimoja hakizidi kidole cha mwisho.

Mama Kidole alilishika beseni. Vipande vitano vilikuwa vimesimama kwenye maji mapya, vidogo, vimefungua vinywa vyao au vimevifunga, hakuweza kujua.

"Vitapona?"

"Vikiachwa. Tumbawe likikatwa linataka vitu vitatu: maji yasiyobadilika, mwanga usiobadilika, na mtu asiyekuwa na haraka. Mwezi mmoja. Kama ncha ikitambaa juu ya kigae, amepona." Akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu. Akaiangalia rafu ya chupa, halafu akaiangalia mikono yake, yenye makovu. "Na ikiwa hivyo, Ijumaa ya mwezi ujao nitamwambia mke wangu nakuja kumtembelea. Kutembelea, nimesema. Na kipande kimoja nimpelekee, acha aone kuolewa juu ya mtu maana yake nini."

Mama Kidole akacheka, na kifua chake kikapata nafasi.

"Basi tuliweke wapi beseni, Fundi? Hapa pembeni ya dirisha?"

Fundi alienda mlangoni, akaufungua wote, akasimama kando kama anayempisha mtu mwenye mzigo.

"Kwako," akasema. "Chumbani kwako, mezani, pale mwanga wa asubuhi unapofika. Asubuhi ongeza kikombe kimoja cha maji ya betri, basi. Usiguse kingine. Mimi huyu nimetibu mpaka nimeua. Nikikaa navyo, kesho nitaona kivuli niseme ni ugonjwa. Kwa hiyo nakuomba kitu, mwanangu, na usinionee haya kwa sababu ya mvi. Nikija kugonga kwako, nije mikono mitupu ndipo unifungulie. Ukiona nina chupa, hata moja, hata nikiapa, hata nikilia, nifungie mlango."